Kunguru wamejaa roshanini, chozi hawaji: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Tudor, Mombasa, ghorofa ya pili, na roshani yangu yaelekea mkono wa bahari. Wanangu wawili wanapenda ndege, kwa hivyo kila baada ya chakula cha mchana huwamwagia wali uliobaki na ukoko. Wanaokuja ni kunguru watupu. Mimi nawataka wale wadogo wenye mdomo uliopinda, wanaometameta juani, ambao nilipokuwa mdogo kwetu Kisauni walikuwa hawakauki uani. Jirani kaniambia niwawekee maji ya sukari. Mama mkwe naye asema ninunue tundu niwafuge, hasa kwa kuwa juzi watoto waliokota kinda chini ya mti wa mkungu. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Acha kumwaga wali. Hilo ndilo kubwa kuliko yote nitakayokwambia, na ukilifanya hilo peke yake utakuwa umewasaidia ndege wadogo wa mtaa wako kuliko ukiwanunulia magunia ya chakula. Ndege unaowataka huitwa chozi, na chozi hali wali. Hula utamu wa maua, na wadudu, na buibui. Kwa hivyo kila sahani unayomwaga pale yamwendea kunguru na, usiku, panya.

Kunguru huyo mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Aliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 ili asaidie kula taka za mji, na kufikia mwaka 1947 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Leo yuko pwani nzima, na mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni moja. Usimchanganye na kunguru wetu wa asili, mkubwa kidogo, mweusi mwenye kifua na kola nyeupe. Huyo amekuwako siku zote na hana ubaya mkubwa. Huyu wa kijivu ndiye alaye mayai na makinda ya kila ndege mdogo anayeweza kumfikia. Akija kwako kula ukoko, akishiba haendi zake. Hukaa juu ya mkungu akitazama nani anaingia na kutoka kwenye majani, na ndege anayebeba mdudu mdomoni mara tatu mahali pamoja amekwisha kumwonyesha kilipo kiota. Ndiyo maana nyumba inayolisha kunguru huwa kimya asubuhi, hata kama ina miti mizuri.

Basi funga riziki yake. Mabaki yaingie kwenye pipa lenye kifuniko kinachobana, matumbo ya samaki yafungwe kwenye karatasi na yasitoke ndani mpaka siku ya taka kuchukuliwa, na ukoko mpe mwenye kuku. Sema na jirani zako wa chini pia, kwa upole, kwa sababu ukifunga wewe na wao wakaendelea, kunguru atahama roshani tu, mti atabaki nao. Wiki za mwanzo watakuja saa ile ile waliyozoea, wakae kwenye ukingo na kupiga kelele. Ni ndege wenye akili na hawasahau upesi. Usiwarushie mawe, usiwajibu, usiwape hata punje. Na nakuomba sana usithubutu kuweka sumu. Dawa wanazotumia wataalamu hutegwa kwa utaratibu na uangalizi. Sumu ya panya kwenye kipande cha nyama itaua paka wa jirani, itamuua mwewe atakayeokota mzoga, na una watoto wadogo ndani ya nyumba.

Hapo roshani ikiwa imetulia, anza na maji. Mombasa ni mji wa joto na mabati, na kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma na mvua hakuna, ndege mdogo hutafuta maji kuliko chakula. Chukua kisahani cha udongo, kile cha kuwekea chini ya chungu cha maua. Kiwe kipana na kifupi, kina cha maji kisizidi sentimita 4, na katikati utie jiwe lenye kukwaruza ili aliye mdogo apate pa kukanyaga. Plastiki laini huteleza, na ndege asiyeamini anaposimama haingii kuoga. Najua maji ya mfereji hayaji kila siku na mitungi ni ya kununua, lakini kisahani hiki chataka nusu lita tu, na maji uliyooshea mchele yasiyo na chumvi wala sabuni unaweza kumwagilia maua, ukaweka safi kwenye kisahani. Maji ya kisima yaliyokolea chumvi usiwawekee ya kunywa.

Maji hayo uyamwage kila asubuhi bila kukosa na ukisugue kisahani kwa brashi. Mji wetu umeshaonja dengi na chikungunya, na mbu anayeeneza magonjwa hayo hupenda maji safi yaliyotulia kwenye vyombo vidogo vya nyumbani. Kutoka yai hadi mbu arukaye huchukua kama wiki moja na kidogo, kwa hivyo anayebadilisha maji kila siku hafugi mbu. Mayai yake hung'ang'ania ukingo wa chombo, ndiyo maana nimesema usugue, usimwage tu.

Kunguru naye hupenda maji, na huleta mkate mkavu kuuloweka mle. Kining'inize kisahani kwa kamba tatu chini ya dari ya roshani, kiyumbe kidogo. Chozi na kwera, wale ndege wasuka viota, hawajali kuyumba, kunguru mzito hujali. Kama bado anang'ang'ania, kifunike kwa wavu wa chuma wenye matundu ya kama sentimita 5, ndege wadogo wapite.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui, nalo ni rahisi kuliko kisahani. Chozi mara nyingi haogi kwenye chombo. Huoga kwenye jani. Asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, nyunyizia maji majani mapana ya mimea yako, kisha kaa ndani nyuma ya pazia na watoto. Akija, atatua kwenye ukingo wa jani, ajilaze kifua, ajisugue akiteremka nalo huku ametanua mbawa, arudi juu, ateremke tena, mpaka manyoya yote yamekuwa kama kitambaa kilichokamuliwa. Baadaye atakaa kwenye kamba ya kuanikia nguo ajipange unyoya mmoja mmoja. Watoto wakiona hivyo mara moja hawatakuuliza tena habari ya tundu.

Sasa mimea. Hapa ndipo ningetaka uweke pesa zako, ikiwa una za kuweka. Chozi hutafuta ua refu lenye umbo la bomba, jekundu au la rangi ya chungwa. Mshubiri ni bora kabisa kwa roshani: hauhitaji maji mengi, jua la Mombasa hauliogopi, na ukitoa kile kikonyo chake chenye maua yaning'iniayo, chozi huja kila siku mpaka la mwisho linyauke. Hibiskasi nyekundu pia ni nzuri, na ukitazama kwa makini utamwona anavyofanya: ua ni kubwa kuliko mdomo wake, kwa hivyo hapitii mbele, hutoboa ubavuni karibu na kikonyo na kunyonya kwa pembeni. Tundu hilo dogo utaliona kwenye ua lililoanguka. Iksora, ile ya vishada vyekundu ambayo kila bustani ya vitalu vya kando ya barabara inayo, humea vizuri kwenye chungu. Bogenvilia haina utamu mwingi wa kuwapa, lakini miiba yake ni kinga na ndege wadogo hupenda kujificha mle. Lantana usiipande hata ukipewa bure, kwa sababu ndege wakila tunda lake huimwaga mbegu kila mahali na mmea huo umeshateka maeneo mengi ya nchi hii.

Na kama kuna mnazi karibu na nyumba yenu, mwombe mwenyewe asiukwanyue ovyo. Karara likipasuka na maua kutoka, chozi wamo tangu alfajiri, pamoja na nyuki. Nadhani hao uliowaona Kisauni utotoni waliletwa na minazi na miembe ya uani kuliko kitu chochote, na ndiyo maana nasikitika ninapoona kila uwanja unapojengwa hukatwa hadi mti wa mwisho kabla ya fundi hajaleta tofali moja.

Maji ya sukari sikushauri, ingawa jirani yako hana nia mbaya. Kwenye joto letu yanachacha kwa siku moja, chupa inaota ukungu ndani ya mpira wake, na ndege anayenyonya pale anaugua. Sisimizi na nyuki nao watafika kabla ya chozi, na nyuki kwenye roshani ya watoto si mchezo. Ukishindwa kabisa kujizuia, basi iwe kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vikombe vinne vya maji, bila rangi, bila asali, ukibadilisha kila asubuhi na kuosha chombo kwa maji ya moto. Asali hasa usitie, kwani huotesha ukungu unaowadhuru ndege. Lakini kazi yote hiyo mshubiri mmoja waifanya bila wewe kuamka.

Utaniuliza, na kwera na shomoro je, wao si wala nafaka? Ni kweli. Ukitaka kuwapa kitu, nunua uwele mkavu kidogo pale Marikiti, uweke kiganja kimoja asubuhi ndani ya kitundu cha wavu ule ule wa sentimita 5, na kinachobaki ukiondoe kabla ya adhuhuri. Wali wa nazi wenye chumvi, viazi karai na mabaki ya biriani si chakula cha ndege. Chumvi huwaumiza, na maziwa hawawezi kuyameng'enya. Mpapai ukiwa nao chini, acha papai moja la juu kabisa liivie mtini. Shore atalifungua, kuzumburu watafuata na mikia yao mirefu wakining'inia kwa vidole, na mtapata vya kutazama kwa siku nzima.

Dawa ya kupuliza wadudu nayo punguza. Chozi mkubwa anaweza kuishi kwa utamu wa maua, lakini kinda hakui kwa sukari. Wazazi humletea buibui na viwavi kutwa kucha. Na zile tando za buibui kwenye pembe za dari ya roshani, ambazo najua mama mkwe hazipendi, waachie hata pembe moja. Jike huja kuzikwangua na kuzizungusha mdomoni, kisha huzitumia kufunga kiota chake. Ni kifuko kinachoning'inia, kimetengenezwa kwa nyasi kavu, majani makavu, magome na vijinyuzi vya kila namna, mlango uko ubavuni, na juu ya mlango hutoa kijipaa kidogo cha kukinga mvua. Ndani hutandika pamba na manyoya laini. Ukikitazama kwa haraka utadhani ni takataka zilizonaswa kwenye kamba, na hiyo ndiyo hila yake. Mara nyingi huchagua waya wa taa au kamba ya nguo karibu na mlango wa watu, na naamini ni kwa sababu kunguru na nyoka husita kuja karibu hivyo na binadamu.

Akijenga kwako, mpe mwezi mmoja na siku kadhaa. Hutaga mayai mawili kwa kawaida, huyaatamia kama wiki mbili, na makinda huchukua wiki mbili nyingine na zaidi kidogo kabla ya kuruka. Muda huo nguo anika kamba nyingine, watoto watazame kutoka ndani, na usipige picha kwa kupandia kiti, kwa kuwa kunguru atafuata unapotazama wewe. Na ukimwona dume anapigapiga kioo cha dirisha chako siku nzima, anapigana na kivuli chake akidhani ni dume mwingine. Bandika gazeti upande wa nje kwa wiki moja, ataacha.

Kuhusu kinda aliyeokotwa: ninamheshimu mama mkwe, na kufuga chiriku kwenye tundu ni mambo ya siku nyingi hapa kwetu, lakini ndege wa porini analindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na humfugi bila kibali. Zaidi ya sheria, kinda wa chozi kwenye tundu hufa. Hakuna binadamu anayeweza kumkamatia wadudu wadogo wadogo tangu alfajiri hadi magharibi.

Siku nyingine watoto wakileta kinda, mtazame kwanza. Akiwa na manyoya mwili mzima, mkia mfupi, anarukaruka na kulia, huyo hajapotea. Ametoka kiotani kwa wakati wake, anajifunza, na wazazi wako hapo juu wakimsubiri muondoke. Mweke kwenye tawi lenye majani mengi, fungieni paka ndani, mwende zenu. Akiwa hana manyoya, macho yamefumba au ngozi yaonekana, tafuteni kiota na mmrudishe. Ule usemi kwamba mama atamkataa akinusa mkono wa mtu si kweli. Kiota kikiwa kimeanguka, tieni kwenye kikapu kidogo cha ukili chenye matundu chini, mkifunge kwenye tawi lile lile, mtazame kwa mbali kama wazazi wanarudi. Msimtilie maji mdomoni kwa nguvu, kwa sababu tundu la pumzi liko nyuma ya ulimi tu na atazama. Aliyevunjika bawa mtieni kwenye boksi la karatasi lililofunikwa, gizani na pakavu, mpigie ofisi ya KWS iliyo karibu nanyi.

Sasa hao watoto wako na kujifunza. Kenya ina aina zaidi ya elfu moja za ndege, na mtoto akipewa kitabu kizima hukata tamaa. Anza na watano wa dirishani: kunguru, shomoro, shore, kwera na tetere. Wawajue kwa sauti kabla ya rangi. Shore huwa miongoni mwa wa kwanza kuimba alfajiri. Dudumizi wamsikie vichakani, sauti inayoteremka kama maji yakimiminwa kutoka chupa. Wapeni daftari, waandike tarehe, saa, upepo na alichokuwa akifanya ndege, siyo jina tu. Jina watalipata, lakini "alikuwa akivuta uzi kwenye jani la mnazi" hawatalipata tena. Na kama mnazi wa jirani una kwera, hapo wamepata shule: dume wa manjano ya dhahabu, kichwa cha rangi ya chungwa, huchana majani vipande vyembamba na kusuka, kisha huning'inia chini ya kiota akipiga mbawa ili jike aje kukagua. Asipopendezwa, huondoka, na dume huanza tena.

Simu yako inaweza kusaidia. Programu ya Merlin ni ya bure, unaitilia picha au unaisikilizisha sauti nayo inapendekeza jina. Iamini nusu, kisha hakikisha kwa macho. Mkishazoea, orodha zenu muwe mnaziingiza kwenye eBird au Kenya Bird Map, mitandao ya kukusanya habari za ndege, ambako hata orodha ya ndege sita wa roshani ya Tudor ina faida, kwa kuwa wengi huandika habari za mbugani na wachache huandika za mjini. Jambo moja tu: msicheze sauti ya ndege kwa simu tena na tena ili aje. Atakuja kupigana na mshindani asiyekuwepo, na kiota kikabaki wazi.

Na mna mkono wa bahari hapo mbele! Tafadhali msiupoteze. Kuanzia Agosti vitwitwi, ndege wadogo wa ufukoni, huanza kuwasili mwambao wetu kutoka kaskazini, wengine wamezaliwa Siberia mwaka huo huo na hawajapata kuona binadamu wala mkoko, wakakaa nasi msimu wote wa kaskazi na kuondoka karibu na Aprili. Maji yakiwa yamekupwa kabisa hutawanyika mbali kwenye tope na hamtaona kitu. Nendeni maji yanapojaa, saa mbili hivi kabla hayajafika juu, ufuko unapokuwa mwembamba na ndege wanasogezwa kwenu wenyewe. Yangeyange na korongo mtawakuta pia, na mdiria akiwa amekaa kwenye mkoko anatazama chini. Siku ya mapumziko wapelekeni Haller Park kule Bamburi. Palikuwa machimbo matupu ya mawe ya kutengenezea saruji, wakaanza kupanda mivinje mwaka 1971, na leo ni msitu wenye vidimbwi na ndege wake. Mtoto wa mjini akiambiwa kwamba pale palikuwa jiwe tupu, kisha akaona kwera wanasuka juu ya maji, ataelewa kwa nini ninamhimiza mama yake apande mshubiri.

Anza leo na pipa na kisahani. Mimea itafuata mshahara. Kama baada ya miezi mitatu chozi bado hajaonekana, niandikie tena unieleze roshani yaelekea wapi, jua lapiga saa ngapi, na kuna miti gani katika umbali wa nyumba tatu, tuone tumekosea wapi.